Baba Mkwe na Pistole ya Rangi

Baba mkwe wangu hakuweza kupita karibu na ukuta bila kuugusa. Uwe ukuta wa kanisa, wa duka au wa nyumba yenye msiba, angepeleka kiganja, akiburute kidogo, kisha akigeuze akitazame. Kikitoka na chokaa alitikisa kichwa kwa huzuni. "Hapa walipakala na haraka," alisema, hata kama mwenye nyumba amesimama pale pale. Watu walimpa mkono bila kuangalia, wakaenda zao na weupe wa nyumba ya jirani kwenye vidole.

Jina lake halitaonekana humu. Kwetu mkamwana hataji jina la baba mkwe, hata akiwa peke yake shambani na majani tu yanamsikia. Analiepuka pia kila neno linalofanana nalo. Bahati yangu mbaya ni kwamba katika lugha yetu ya nyumbani jina la mzee yule lilikuwa pia jina la kitu cha jikoni, kitu cha kushikwa asubuhi na jioni. Nikiwaambia ni kitu gani mtakuwa mmeshalijua jina, kwa hiyo niacheni. Miaka yote nilikiita "kile". Mama mkwe, ambaye alipoolewa aliyapitia yale yale, alikuwa akinitega kwa makusudi.

"Nikupe nini?"

"Kile, mama."

"Kile gani?"

"Kile kinachokaa nyuma ya chungu."

Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akanipa. Watoto wa siku hizi wakisikia habari hizi wanasema tulikuwa tunaogopa. Hatukuwa tunaogopa. Ilikuwa haya, na haya ya mkamwana ni kama kuingia kwenye mlango mfupi: unainama bila kuambiwa, wala huoni umepungukiwa.

Sikuzungumza naye ana kwa ana. Akitaka maji alimwambia mke wake, "Huyu mama atanisaidia maji," nami nimesimama hatua chache kutoka kwake. Nikitaka kumjulisha kwamba chakula kimeiva nilimwambia mwanangu mdogo aliye mgongoni, ambaye hata kusema hajui, "Mwambie babu, chakula iko tayari." Mzee alijibu, "Mwambie mama, nimesikia." Mtoto alitutazama kwa zamu. Hivyo tuliishi vizuri, na ninaweza kusema tulipendana.

Alikuwa karani wa posta. Pale dirishani alikuwa mkali. Tai ilikaa shingoni hata siku ambazo joto la ziwa linamfanya mbuzi atafute kivuli cha mbuzi mwenzake. "Mupange mustari!" alifoka, na mustari ulijipanga. Anayekuja bila kujua anwani ya anayemwandikia alifukuzwa arudi kesho. Watu walisema ameumwa na Uzungu. Nami, Mungu anisamehe, nilikubaliana nao kimoyomoyo. Lakini Jumamosi mtu yule yule alivaa kaputula iliyochanika makalio, akapanda juu ya pipa, akaimba nyimbo za misa kwa sauti mbaya huku akisugua ukuta. Nilikuwa najiuliza yupi kati ya wale wawili ndiye baba mkwe wangu hasa.

Uhuru ulipokuja, Mbelgiji wa posta aliondoka na masanduku yake, na nyumba yake ya bati karibu na ziwa ikapewa baba mkwe. Sote tulihamia humo. Wakati ule kila mtu Uvira alitaka kitu cha kuonyesha kwamba uhuru umefika mpaka kwake. Mmoja alinunua redio, mwingine viatu vya mke. Baba mkwe aliangalia kuta za yule Mbelgiji, za njano kama haradali, akasema hawezi kulala ndani ya rangi ya mtu mwingine. Hakutaka fundi, wala hakutaka brashi, kwa sababu brashi huacha mistari. Alitaka kuta laini, kama alizowahi kuona hotelini ng'ambo ya ziwa, mjini Usumbura. Alitaka mashine ya umeme ya kunyunyizia rangi, ile inayoshikwa mkononi, ambayo kwa Kifaransa cha mafundi ilikuwa inaitwa pistole, neno lile lile la bastola.

Nilikuwepo siku alipoichagua. Mama mkwe na mimi tulikuwa tumechukuliwa kubeba makopo, tukasimama mlangoni mwa duka la Mgiriki mmoja kule Kimanga. Mgiriki alikuwa nazo mbili. Moja ilikuwa kubwa, na mota yake ilikaa chini sakafuni ndani ya kisanduku, ikiunganishwa na bomba refu. Nyingine ilikuwa ndogo, mota imo ndani ya mshikio, na kikombe cha rangi kinaning'inia chini yake. Mgiriki aliisifu kubwa. Alisema ndiyo inayopaka magari na meli.

"Minye sina meli," baba mkwe akamwambia. "Niko na nyumba moja. Lete ile ndogo."

Alitaka ijazwe maji, maana ikiwa tupu kila kitu ni chepesi. Akanyoosha mkono, ameishika usawa wa bega, na akiwa vile vile akaanza kumsimulia Mgiriki habari za nyumba yake, chumba kwa chumba. Tulidhani amesahau. Kumbe alikuwa anaupima mkono wake. Mkono ulipoanza kutetemeka akaiweka chini, akasema, "Hiyo ndiyo ukuta moja. Ukuta moja nitamaliza mbele ya kuchoka. Iko muzuri." Kisha akauliza kama kikombe kinafunguka. Akauliza kama kile kitundu cha mbele, ambapo rangi hutokea, kinatoka chote ili kisuguliwe, na kama kipo kingine cha akiba kitakapoziba. Mgiriki akaanza kuchoka. Baba mkwe akamwambia jambo ambalo baadaye alilirudia kwa kila mtu: kwamba mashine ya rangi usiichague kwa namna inavyopaka, uichague kwa namna inavyooshwa, maana kupaka ni kwa saa moja na kuosha ni kwa maisha yake yote.

Mwisho akataka ijaribiwe. Wakaichomeka, ikaunguruma kama nyigu ndani ya kopo, akanyunyiza maji kwenye ukuta wa nje wa duka. Alisogea akatazama umande ulivyokaa, kama pembeni kumelowa sawa na katikati. Akarudi nyuma, akanyunyiza tena. Watu walikuwa wameshajaa. Mama mkwe akaninong'oneza, "Angalia mume wangu anavyonitia haya." Lakini alikuwa anatabasamu.

Rangi ya pistole lazima ichujwe, la sivyo kitundu kinaziba. Jumamosi ya kwanza mzee alitafuta kitambaa cha kuchujia, akachukua kimoja kwenye kamba ya nguo, cheupe, chepesi, kilichofumwa vizuri. Mimi nilikuwa jikoni. Nilipotoka nilimkuta ameinama juu ya ndoo anakikamua kwa mikono miwili, rangi ya bluu inamtiririka, na anamsifia mwanawe, yaani mume wangu, jinsi kitambaa kilivyo kizuri. Kilikuwa ni shimizi yangu. Ile ya arusi. Siwezi kumwita, siwezi kumkataza, siwezi hata kumtuma mtoto akaseme. Nilirudi jikoni nikaketi nyuma ya mlango. Mume wangu aliitambua akanyamaza kwa ajili ya usalama wetu sote. Mama mkwe ndiye alimwambia baadaye, na mzee akakaa shambani Kilibula mpaka giza liingie ili asinione. Kesho yake tulikuta kitambaa kipya kimekunjwa juu ya kinu changu.

Nyumba ikawa ya bluu nyepesi. Ilipendeza kweli. Watu waliotoka kanisani walizunguka njia ili waipite, na baba mkwe, ambaye hakujua kujisifia taratibu, alisimama barazani akisema kwa sauti ya dirishani, "Ni pistole! Brashi haiwezi. Minye na pistole yangu, Jumamosi moja tu!" Akialikwa mahali, alisema hawezi, kesho anatoa pistole. Akigombana na jirani kuhusu mbuzi, alisema amshukuru Mungu yeye ni mtu wa pistole na si wa ngumi. Alidhani anachekesha. Mtaa mzima ulijua kwamba yule mzee wa posta ana pistole, na walio mbali kidogo na nyumba yetu hawakujua ni pistole ya namna gani.

Halafu ukaja uasi. Sitausimulia wote, wapo waliouona vizuri kuliko mimi. Kwetu ulianza kwa umeme kukatika na kutorudi. Askari waliondoka usiku mmoja, na asubuhi waasi walikuwa mjini, vijana wa milimani na wa tambarare ya Ruzizi, majani kichwani. Walikuwa wanawatafuta makarani. Walisema karani ni mkono wa Mzungu uliobaki baada ya Mzungu kuondoka. Wanaume waliojua kusoma walizika tai zao, waliovaa miwani waliivua wakatembea wakijigonga. Mume wangu, aliyekuwa mwalimu, alivuka mpaka. Baba mkwe alikataa kuvuka. Alisema hawezi kuiacha nyumba yenye rangi mpya.

Walikuja asubuhi, watatu. Mama mkwe alikuwa ameenda sokoni Kimanga. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba natwanga sombe, majani ya muhogo, na kwa kishindo cha mchi sikusikia walipoingia. Yaliyotangulia niliyajua baadaye, kwa vinywa vya waasi wenyewe, walipoyasimulia mjini.

Walimwambia, "Muzee, tunasikia uko na pistole. Ulete."

Aliwaletea. Waliigeuza huku na huku. Ilikuwa na mshikio kama wa bunduki, ilikuwa na mahali pa kidole kama pa bunduki, na mbele ilikuwa na kitundu.

"Hii ni ya nini?"

"Ni ya kupakala nyumba."

"Pistole inapakala nyumba?" Wakacheka. "Basi pakala tuone."

"Kuran haiko, umeme ulikatika."

Hapo ndipo kicheko kilipoisha. Mashine isiyounguruma haiwezi kujitetea. Wakamuuliza yeye ni nani, na baba mkwe wangu, aliyekuwa akifoka dirishani mpaka mustari ukanyooka, aliwatajia jina lisilo lake. Jina la fundi mmoja wa rangi aliyekwisha kufa. Alisema yeye si karani, hajui kusoma, yeye ni mtu wa kupaka nyumba za watu.

Basi mmoja wao akazunguka nyuma akanikuta. Aliniita mbele, na mikono yangu bado ya kijani. Baba mkwe alikuwa amepigishwa magoti kwenye baraza, pistole iko sakafuni mbele yake. Sikuwahi kukiona kichwa chake kikiwa chini ya changu. Niligeuza uso, kwa sababu kumtazama vile kulikuwa kama kumtazama uchi.

"Mama, unajua huyu muntu?"

"Namujua."

"Ni nani?"

"Ni muzee wa hapa."

"Jina yake?"

Nikawatazama kuku uani.

"Mama, tunauliza jina."

"Minye niko mukamwana wake," nikasema. Kwa mtu wa kwetu hilo lingetosha. Mkubwa wao, ambaye baadaye nilijua ni mtu wa Mutarule, kule tambarare, alilielewa, nilimwona akitazama pembeni. Lakini wale wawili walikuwa vijana wa mbali kidogo, au vita vilikuwa vimewasahaulisha. Mmoja akasema, "Munaona? Hajui ile jina muzee alitutajia. Wanadanganya wote wawili." Akaweka mdomo wa bunduki nyuma ya sikio la mzee.

Mtu akisikia kisa hiki huniuliza nilifikiri nini. Sikufikiri. Nakumbuka nilitamani mama mkwe arudi, yeye amwite, maana nilidhani kwa utu uzima wake angelitafutia njia. Nakumbuka nilimtazama baba mkwe nikiomba anipe ruhusa kwa jicho tu. Naye akatikisa kichwa, kidogo sana. Nilidhani ananikataza kwa sababu ya haya. Nilidhani, mzee huyu yuko tayari kufa kuliko kuitwa na mkamwana wake. Sikujua kwamba alikuwa anaogopa jina lenyewe.

Nikalisema. Sikulinong'ona. Lilitoka kwa sauti kubwa, lote, jina la nyumbani na la ubatizo, kama mtu anayeita aliye ng'ambo ya mto. Kuku walikimbia. Kisha nikashika mdomo kwa mikono yangu ya sombe.

Yule wa Mutarule akasogea. "Ule wa posta?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ule aliondoka ku kiti yake, akakalisha mama yangu ndani, sababu miguu yake ilikuwa imevimba?"

Hilo sikulijua. Hakuna aliyelijua nyumbani. Mzee hakuwa amesimulia hata siku moja kwamba dirisha lile lilikuwa na upande wa ndani, na kwamba vikongwe waliotoka tambarare kwa miguu walikuwa wakikalishwa humo, yeye akafanya kazi amesimama.

Yule mtu aliinua bunduki ya mwenzake ikatoka sikioni mwa mzee. Alimtazama baba mkwe kwa muda, nami nilidhani atamsalimia. Badala yake alikasirika. "Muzee, mbona uliikataa jina yako? Ile ya uongo ingekuua. Ile yako ndiyo imekuponyesha. Mupaka mwanamuke anakusemea?" Akaisukuma ile pistole kwa mguu mpaka ikamgonga mzee gotini. "Chukua kintu yako. Upakale haya yako."

Wakaondoka. Baba mkwe alibaki amepiga magoti kama vile bado wapo. Sikuweza kumwinua, kumgusa hakuruhusiwi. Nilirudi nyuma ya nyumba nikashika mchi, nikatwanga ile sombe mpaka ikawa uji usiofaa kupikwa, na nilikuwa naona haya kwa namna ambayo sikuijua hata siku ya shimizi. Nilimwonea haya yeye. Nilijionea haya mimi. Nilikuwa hai, yeye yu hai, na hatungeweza tena kutazamana.

Kwetu mkamwana akiteleza akataja jina, hupeleka kuku wa kuosha kinywa. Nilipeleka. Nilichagua koo mwema, nikamfunga miguu, nikampa mama mkwe ampelekee. Jioni kuku alirudi, amefunguliwa, anatembea mwenyewe nyuma ya mama mkwe.

"Anasema hapana," akaniambia.

"Nimepungukiwa nini? Nitafute mbuzi?"

"Anasema hapana tu. Na minye nimemuuliza vya kutosha."

Nilikasirika, nisifiche. Usiku nililala nikimsema moyoni: nimekuokoa, nimejitia aibu mbele ya bunduki na mbele ya Mungu, na bado kuku wangu ni mchafu kwako. Habari ilikuwa imeshasambaa. Sokoni kulikuwa na mkamwana aliyemwita mkwe wake kama anayeita mtoto. Kwa wanaume kulikuwa na mzee aliyekataa jina lake, na walevi wawili watatu walimpachika lile jina la fundi marehemu, wakawa wanamsalimia nalo. Aliitikia. Hilo ndilo liliniuma zaidi, kwamba aliitikia.

Vita vilipopita, umeme ukarudi na mume wangu akarudi, lakini mzee hakurudi dirishani. Alihamia Mutarule kulima, akija mjini kwa mapumziko, na kwenye nyumba yetu aliingia nikiwa nimetoka. Yule mtoto aliyekuwa mjumbe wetu alikuwa ameshakua na kukimbilia michezo yake. Hakuna aliyekaa kati yetu wa kubeba maneno.

Lakini kuta hakuziacha. Nyumba ilipochujuka aliipaka upya, safari hii kwa brashi, mistari yote inaonekana, na hakuomba radhi kwa mistari. Mashine ilikuwa nzima, imefungwa kwenye kitambaa ndani ya sanduku, imeoshwa. Watu waliendelea kumfuata awachagulie zao. Mwalimu mmoja wa Kilibula, aliyetaka kupaka nyumba kabla ya kuoa, alimchukua mpaka dukani, na mume wangu aliyewasindikiza akanisimulia. Mzee aliijaza maji, akanyoosha mkono, akasimulia chumba kwa chumba, akauliza inavyooshwa. Yote kama zamani. Ila hakusema tena pistole. Alisema "ile kintu". Mwenye duka akimuuliza kintu gani, alisema, "Ile inakaa pale juu." Mume wangu alicheka aliponisimulia. Mimi sikucheka. Niliona tumekuwa wawili katika ukoo ule, kila mmoja na neno lake asiloweza kulitaja.

Mama mkwe alikufa. Miaka ikaenda. Mara ya mwisho ninayotaka kuisema ni ile mzee alipoletwa kutoka Mutarule akiwa na homa ya mapafu, na mume wangu yuko safarini. Hakuna mwingine. Nilitafuta kijana wa baiskeli ambebe, nami nikatembea nyuma mpaka zahanati, nimeangalia chini. Walimketisha kwenye benchi, nikaketi mwisho wa benchi lile lile, nafasi ya watu wawili kati yetu.

Mganga wa zahanati alikuwa kijana, kalamu sikioni, na watu walikuwa wengi.

"Jina ya mugonjwa?"

Nikashika ncha ya kitenge.

"Mama. Jina."

"Minye niko mukamwana wake."

"Nimesikia. Jina yake ni nani?"

Bibi mmoja kwenye foleni akaanza kumfafanulia, mwingine akacheka, mwingine akasema si ndiye yule, yule wa wakati ule. Nilimtazama mzee kwa pembe ya jicho, amefumba macho, kifua kinapanda kwa shida. Nikasema moyoni, mgonjwa ni mgonjwa, acha niharibu mara ya pili. Nikafungua mdomo.

Baba mkwe akainua mkono. Alishika ukingo wa benchi, akajinyoosha, na kwa ile sauti ya dirishani, iliyopasuka lakini ile ile, akataja jina lake. La nyumbani, la ubatizo, na la baba yake. Akasubiri kalamu imalize.

"Huyu mama usimuulize tena," akamwambia mganga. Mimi hakunitazama, kama inavyotakiwa. "Alishaisema, siku minye niliikataa. Kisha akaniletea kuku ya kuosha kinywa, nikairudisha. Kinywa yake haikukuwa na kintu. Uchafu ulikuwa mu kinywa yangu, na minye sikujua mukwe anapelekea mukamwana kuku namna gani. Nilikosa wa kuuliza."

Akakohoa kwa muda mrefu. Mganga alisimama na kalamu yake, hajui aandike lipi katika hayo.

"Mwambie nimesikia," nikamwambia mganga. Nikainamisha kichwa kwenye kitenge, nikalia pale pale kwenye benchi, mbele ya foleni nzima, bila haya.